Feni ya Kompyuta na Shikamoo ya Meneja

Shinyanga, Jumanne, Agosti 1997

Rejeta! Eti tuifungie kompyuta rejeta, ipozwe kwa maji kama lori la pamba. Meneja wetu, Baba Kulwa, alisema hivyo mbele ya ofisi nzima. Wakacheka. Mimi karani nikaenda kutafuta bisibisi.

Wiki nzima kompyuta ya kiwanda chetu cha kuchambua pamba imekuwa ikipata moto na kuzimika kila ikifika saa nane mchana. Leo asubuhi nikafungua mfuniko wake. Feni inayopoza prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikuwa imejaa nyuzi za pamba kama mto wa kulalia, na haizunguki tena!

Dukani kwa Mzee Karim, mimi na Baba Kulwa tulikuta feni mbili za kompyuta. Baba Kulwa aling'ang'ania ile kubwa.

"Hapana, baba," nikasema. "Hii ndogo inachomoka kwa urahisi. Nitaisafisha kila Jumamosi."

Tukanunua ile ndogo, nikaifunga. Niliogopa, nakiri. Kompyuta ikiungua, lawama zote zangu.

Saa nane ikapita. Saa kumi ikapita, kompyuta inanguruma tu.

Baba Kulwa, mtu wa umri wa baba yangu, akasimama mlangoni. "Shikamoo, fundi."

Nilishindwa kuitikia. Nimeitikia sasa hivi, peke yangu, mbele ya kioo: marahaba!