Anachosema Mteja, Anachoona Fundi

2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na dada hamjambo. Mimi mzima, wa mwili tu.

Maji yamenifika shingoni. Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kila kitu kinaniendea kombo. Leo mashine ya kukaushia imegoma, mashuka arobaini yakinisubiri. Nimemsalimia msimamizi, kanipita kama nguzo. Ananichukia, najua. Ijumaa naacha kazi kabla hajanifukuza.

Na huko nyumbani, dada kajifungua kwa upasuaji, nami naambiwa akiwa ameshatoka hospitali! Kwa nini kila habari mbaya nafichwa? Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Binti yako

9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Sote wazima, na mtoto wa dada yako analia kuzishinda redio zangu zote.

Umeuliza, nakujibu. Hatukukuambia kwa sababu tulikuogopa. Marehemu mama yako alipojikata kidole, ulikimbia kwa jirani ukilia mama anakufa. Jirani kaja mbio, kamkuta anamenya vitunguu!

Hapa kibandani mteja huja na majonzi: "Fundi, redio imekufa." Kwenye kikaratasi cha redio yake mimi huandika mistari miwili. Anachosema: imekufa. Ninachoona: waya mmoja umelegea. Ningewasikiliza wateja tu, ningeshazika redio ngapi? Jaribu wiki mbili, uwe mteja na fundi pia. Ya nini kuandikia mate na wino upo? Baada ya hapo ukitaka kuacha kazi, acha.

Baba yako

30 Machi

Baba,

Shikamoo. Msalimie dada na huyo mwimbaji wake.

Kwanza nilikasirika, kwamba unanifanya redio. Nikaandika hivyo hivyo. Nasema: msimamizi ananichukia. Naona: mashine nne zinanguruma, naye ameziba masikio kwa pamba. Nilicheka peke yangu! Nilipomsalimia nje aliitikia, akauliza habari za nyumbani.

Si yote yalikuwa ya kichwani. Zamu zetu ni ndefu kweli. Badala ya kununa nikasema, nikaongezewa siku ya kupumzika. Sijaacha kazi. Asante sana, baba. Bado kuna siku nazika redio kabla ya saa nne asubuhi, ila siku hizi naifukua mwenyewe.

Binti yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Hamjambo huko? Tangu barua yako ya mwanzoni mwa Aprili, hii ni ya tatu bila jibu. Dada kaniandikia mstari mmoja tu: baba anakusalimu.

Nasema: baba amekufa, wananificha. Naona: miezi miwili bila mwandiko wako. Basi. Sijaacha kazi wala sijapanda basi. Nauliza tu: kuna nini, baba? Liwe liwalo, niambie.

Binti yako

20 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Usiucheke mwandiko, ni wa mkono wa kushoto. Mwezi wa nne nilipata kiharusi, mkono wa kulia ukagoma. Nilimkataza dada yako kukuambia. Nilisema: atavunjika moyo, ataacha kazi. Nilisema pia: fundi wa mkono mmoja ni mzigo. Mganga hajigangi, mwanangu. Mstari wa pili sikuuandika mpaka barua yako ilipofika.

Naona: natembea hadi mlangoni. Vidole viwili vinasogea. Daktari anasema nifanye mazoezi miezi sita, na huenda mkono usirudi wote. Hiyo ndiyo kweli, sijapunguza neno.

Naona pia nina binti anayeuliza kwanza. Namshukuru Mungu kwa ajili yako.

Baba yako

27 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimelia, nisikufiche. Nimelia wakati wa chai, kisha nikanawa uso nikaenda kuomba likizo. Msimamizi kanipa wiki mbili. Jumamosi nitakuwa hapo, tufanye hayo mazoezi pamoja, halafu nirudi kazini.

Ni mara ya kwanza mtu wa nyumbani kwetu kuniambia habari mbaya yote, mpaka mwisho wake. Asante, baba.

Binti yako