Kwa Iddi, Kuhusu Zile Taa Nne

Iddi, mdogo wangu,

Assalamu alaykum huko uliko. Nimekuwa nikiiahirisha barua hii tangu arobaini yako, maana nina jambo baya la kukwambia, na ni langu.

Wiki uliyokufa nilimwandika Mzee Hamadi mtandaoni. Ndiye mtunza taa wa kile kiwanja kidogo cha ndege huko bara ulikoanguka na ndege yako. Msibani tulisikia kwamba alizima taa akaenda kula, nami sikuuliza aliyesema ni nani. Nikaweka jina lake na picha yake, nikaandika: "Huyu ndiye aliyemuua mdogo wangu." Kariakoo nzima ikasambaza. Huko kwao wanawe wakaacha kwenda shule kwa kuzomewa.

Halafu akaja mwenyewe dukani. Bado nauza balbu na nyaya Mtaa wa Sikukuu. Kiti chako kimejaa maboksi. Mzee mwembamba, kofia mkononi. Alipojitaja sikumwamkia. Hakukasirika. Akaomba boksi tupu, akalikata dirisha mbele, akaziba nusu ya chini kwa plastiki nyekundu, kisha akaweka balbu inayowaka ndani, kwa nyuma. Akaniambia nisimame mbele ya boksi. Nikaona mwanga mweupe. Akaniambia nichuchumae. Ukawa mwekundu.

"Taa haikubadilika, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye uliyeshuka."

Alinieleza kwamba kando ya njia ya kutua ziko nne za namna hiyo, zimepangwa mstari. Rubani akiona mbili nyeupe na mbili nyekundu, yuko sawa. Zikiwa nyeupe zote, yuko juu mno. Zikiwa nyekundu zote, yuko chini mno, apandishe ndege haraka. Wewe ulizijua kuliko mimi ninavyozijua balbu zangu.

Nikamuuliza wewe uliona nini. Akasema alasiri ile ya mvua taa zilikuwa zinawaka. Rubani aliyekutangulia alitua kwa hizo hizo. Yeye alikuwa amesimama karibu nazo, akakuona unakuja chini, akapunga mikono yote miwili. "Pale alipokuwa, aliona nyekundu tupu," alisema, akalia. Kwa nini hukupandisha ndege, hajui. Ripoti ya ajali nayo haisemi.

Mimi nadhani najua: kupanda na kuzunguka upya kungekuchelewesha kurudi. Asubuhi ile nilikupigia nikakukaripia, kwamba ukiikosa tena hitma ya Baba jioni ile, Mama hatakusamehe. Ukacheka. "Dada, niwekeeni ubwabwa." Tuliuweka. Ulikuwa peke yako kwenye ndege ile, na haraka niliyokutia mimi.

Nimefuta maneno yangu, nikaandika ukweli. Waliosambaza uongo hawakuusambaza ukweli huo. Mama nilimweleza, akasema nimekuuza kwa mtu baki. Hajaniita mwanangu tangu siku hiyo, na bado anamwapiza yule mzee kila baada ya sala.

Jumamosi naenda kwao pamoja na Mjomba. Nimeomba majirani wakusanyike. Nitasimama mbele ya wanawe, niseme nilimsingizia baba yao. Watu watakusema vibaya, Iddi, na mimi ndiye nitakayewapa la kusema. Nisamehe. Mungu akulaze pema. Nitakusomea Yasini kila Ijumaa, hata nikiisoma peke yangu.

Kwaheri, mdogo wangu. Wewe hakuna wa kukuzomea njiani. Wale watoto wanarudi shule Jumatatu.

Dada yako,
Mwanaidi