Baraza la Kibenga

Lazaro ndugu yangu,

Baraza lako nimelivunja. Nakuambia mwanzoni kabisa ili usije ukasikia kwa mwingine, kama huko uliko kuna wa kukusimulia. Nimelivunja kwa sururu, kuanzia zile ngazi tatu ulizonirudisha nizijenge mara mbili, mpaka nguzo ya mwisho. Mwandiko huu mbovu ni wa mkono wa kushoto. Utajua kwa nini.

Unakumbuka tulivyokucheka, mimi na mafundi wote wa Bwiza. Mtu anapata kiwanja Kibenga, karibu na ziwa, halafu anaanza kujenga baraza. Hakuna chumba, hakuna choo, baraza tu limesimama majanini kama kiti kilichosahauliwa baada ya harusi. Ukatujibu, "Mi naanza na pa kukalia. Siku nafikisha miaka makumi tano, mwiko chini, nakaa hapa naangalia viboko." Tulicheka, lakini ulikuwa unasema kweli. Sisi matasheroni, tunaoishi kwa kazi za kupatana na kila mtu, hatuna pensheni. Mwenye ofisi Rohero akizeeka analipwa akae nyumbani. Sisi mgongo ukigoma ndiyo basi.

Kwa hiyo kila tulipomaliza kazi ya mtu, ulipakia kwenye baiskeli matofali yaliyobaki ukaenda kuongeza mstari mmoja Kibenga. Vyumba vingekuja siku tukipata kazi ya serikali, kazi ya mwaka mzima. Tuliiota wote wawili, na mimi nadhani niliiota zaidi yako. Ndiyo maana jambo ninalotaka kusema limenikaa kooni tangu ufe.

Asubuhi ile yule kapita aliyetusimamia tulipopiga plasta Rohero alinikuta mimi kwanza. Akasema, "Mwambie Lazaro kuna musingi mukubwa wa serikali. Akuje na vyombo vyake, kamio inangoja." Nikamuuliza kama na mimi nahitajika. "We apana. Lazaro tu." Unajua nilifanya nini? Nilinuna. Nilinuna, Lazaro, kwa kuwa wamekuchagua wewe wakaniacha. Kisha nikajilazimisha kufurahi, nikakimbia. Nilikukuta bombani unanawa, nikakuambia kazi yetu imefika.

Malori ya jeshi yalikuwa yameshaanza kubeba watu wa kabila lako. Lakini tulisikia kwamba wanaochukuliwa ni askari na wakubwa. Nani angemtaka mjenzi wa matofali? Ulirudi nyumbani ukachukua uzi, timazi, pimamaji na nyundo, ukapanda lori, ile kamio aliyoisema kapita, mwenyewe. Hakuna aliyekusukuma.

Mtu mmoja aliyetoroka kule mlikopelekwa alinisimulia baadaye. Alisema mliambiwa mchimbe, na wewe ukafunga uzi wako kwenye vigingi, ukaanza kuwagombeza wenzako, "Munachimba kombo, musingi haukae hivi." Ukanyoosha kingo. Ulikuwa umeinama ndani ya shimo, unapima, askari alipochukua nyundo yako mwenyewe akakupiga nayo kisogoni. Mara moja haikumtosha, na mlizikwa humo humo. Naandika kama nilivyosikia, kwa sababu kupunguza ni kukuongopea.

Mkeo Skolastika na watoto wako wako kwangu, chumba cha uani. Anavaa kanga za mke wangu ili asitambuliwe, na majirani wamezoea kumwita Mama Zaituni. Nilimwambia wamekuchukua. Sikumwambia neno lililetwa na nani. Kila aliponipa chai nilishindwa kuinua macho.

Wiki iliyopita kapita alikuja, viatu vipya, karatasi ya kiwanja chako mkononi, sasa ina jina lake. "Patroni Saidi," akaniita, "una kazi. Baraza iko tayari, we unaongeza vyumba tu. Huyu aliyeanza alikuwa mutu wa kazi safi." Nilikubali. Nilikubali kwa sauti ya kawaida, hata nikaulizia saruji.

Jana asubuhi nikaenda na sururu. Pigo la kwanza nilikuwa nampiga yeye, nikaona meno yake yanaruka. La pili nilikuwa najipiga mimi. Ulijenga imara mno, ndugu yangu. Nguzo zako zilinitoa jasho mpaka adhuhuri. Kapita alipofika mbio na walinzi wake wawili sikukimbia. Nilimpata begani kwa mpini, bega likalia kama ubao mkavu, na nilifurahi. Sitakuficha, nilifurahi sana, na kama wasingenishika ningemmaliza. Waliniangusha, wakaulaza mkono wangu wa kulia juu ya matofali yako, wakaukanyaga kwa zamu mpaka vidole viwili vikageuka nyuma. Watu walipoanza kukusanyika ndipo wakaniacha.

Jioni Skolastika alikuwa ananifunga mkono kwa kitambaa. Nikashindwa kuendelea kumficha. Nikamwambia yote: kapita, ujumbe, bombani, mbio zangu, hata kununa kwangu. Nikamwambia mimi ndiye niliyekupeleka. Nilitaka anipige. Nilitaka awachukue watoto aondoke, nipate ninachostahili.

Hakulia. Aliendelea kuzungusha kitambaa mpaka kikaisha, akakaza fundo mpaka nikauma meno. Kisha akasema taratibu, "Na mi ndiye nilimupigia shati pasi. Nilimwambia, kazi ya serikali, asiende muchafu."

Alikaa pale sakafuni karibu yangu, na mke wangu akaja akakaa pia.

Kapita hatanyamaza, kwa hiyo kesho tunavuka mpaka wa nchi kwenda Uvira, familia zetu mbili pamoja. Sijui mkono huu utashika tena mwiko. Usiposhika nitabeba maji, nitakoroga udongo, lakini watoto wako watakula sahani moja na wangu mpaka watakapojitegemea. Hilo nakuahidi. Na nakuahidi jingine: mtu yeyote akiniita kuchimba, awe na karatasi gani mkononi, nitasimama kwanza juu ya ardhi nimuulize shimo ni la nini.

Pumzika, Lazaro. Nisamehe zile mbio.

Mwenzio,
Saidi