Nimekata Ubavu wa Boti ya Mjomba

Jumamosi, jioni. Manyunyu tangu alfajiri, milima imejifunika mawingu mpaka mabegani, na mikono yangu inawasha vibaya kwa vumbi la faiba. Nimejikuna mpaka nimechoka.

Nina furaha, lakini. Naandika kabla haijapoa.

Leo nimekata ubavu wa boti ya Mjomba.

Kwa mgeni anayepita hapa: Mjomba ni kaka yake mama, mtu wa Matombo, na boti yake ya faiba iko Bwawa la Mindu. Wavuvi wa pale wanaiita Beseni kwa sababu ya kuta zake ndefu. Mwaka jana alipoacha uvuvi alinipa mimi, si wanawe, maana kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Wanawe hawakununa. Wao wana wajomba zao waliowaachia mashamba ya migomba, na hawachoki kunikumbusha kwamba mimi nimerithi beseni.

Haikuzaliwa beseni, jamani. Ilitengenezwa Dar, yenyewe na boti ndugu zake mbili kutoka kalibu moja, kwa ajili ya mradi wa serikali wa uvuvi. Ilikuwa nyeupe, ya chini, na nene kwelikweli. Mafundi wa wakati ule gundi hawakuinunua wao, kwa hiyo waliimimina bila mkono wa birika.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara zikaachiwa watu binafsi. Mradi ukafa, mali zikauzwa. Boti ya kwanza ikachukuliwa na kikundi cha wavuvi, wakaipasua nyuma ili wafunge mashine, na tangu hapo inavuja. Ya pili ikanunuliwa na mjanja mmoja akaifanya kalibu, akatoa watoto wembamba hata ukiwagonga kwa kidole wanalia kama debe. Ya tatu, yetu, ikaenda kwa Bwana Karim, mwenye duka la vitambaa mjini, aliyependa kuvua kwa ndoana siku za Jumapili. Aliipaka bluu, akaiwekea kiti cha sponji na kivuli cha turubai ili mkewe asiungue na jua. Mkewe alikuja mara mbili tu, akasema inanuka samaki.

Mitumba ilipojaa mjini, duka la vitambaa likadoda, Bwana Karim akahama. Mjomba naye alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani. Akachukua kiinua mgongo chake, akainunua boti.

Kivuli alikitupa, kiti akakipeleka nyumbani jikoni, na mpaka leo mkewe anakikalia akipepeta mchele. Kisha akafanya jambo lililowachekesha watu mpaka kesho. Mjomba amekulia mteremkoni mwa mlima, hajui kuogelea hata kidogo. Kwa hiyo alinunua vitambaa vya faiba na gundi, akaziongeza kuta kwa mikono yake mwenyewe mpaka akikaa ndani unaona kofia tu inatembea juu ya maji. Amevua miaka yote hiyo bila kuanguka majini, na waliomcheka wengine wameanguka.

Sasa goti limemgomea. Kuta zile alizozijenga zimlinde, sasa hawezi kuziruka. Vijana waliwahi kutaka kumbeba wamweke ndani, akawakatalia. "Mimi si gunia la mkaa," alisema. Tangu siku hiyo kila Jumamosi anakuja kukaa juu ya kreti, anaangalia maji, anatuambia hana hamu nayo.

Mwongo mkubwa, nampenda.

Dawa niliijua muda mrefu, ila niliogopa. Ndani ya zile kuta kuna alama za viganja vyake, alipobandika faiba bila brashi. Kuzikata niliona ni kama kumfuta mtu angali hai. Na kumuuliza sikuthubutu, kwa kuwa angekataa.

Asubuhi tumeanza mapema na Fundi Shomari, anayeziba bampa za magari kule Msamvu. Tumefunga turubai juu kuzuia manyunyu, tumekata kwa msumeno wa chuma, ubavu mmoja tu, sehemu ya katikati, kushuka hadi ukingo wa zamani. Pale ukingoni, chini ya rangi ya Mjomba ikatokea bluu ya Bwana Karim, chini yake nyeupe ya mradi. Fundi akaziba kingo, tukawa tunasubiri zikauke.

Mjomba huja mchana. Leo kaja saa nne.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama, akaizunguka boti polepole na fimbo yake, akasimama pale palipokatwa. Nikaanza kujieleza. Fundi akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa zana.

"Mwaka mzima hujaigusa," Mjomba akasema. "Nilidhani huitaki."

Kumbe wakati mimi naitunza kama alivyoiacha, yeye alikuwa anahesabu kwamba nimeidharau. Kila aliyeipata aliibadilisha ikawa yake. Mimi tu ndiye niliyekuwa naisugua na kuirudisha ufukweni. Nimelia kidogo, na sioni aibu kuandika.

Alasiri gundi ikawa imekauka. Tumeishusha majini, Mjomba akanishika bega, akainua mguu mzima, akauvuta ule mbovu, akaingia. Hakubebwa na mtu. Fundi alishika kafi, mimi nikakaa mbele, tukaenda taratibu hadi katikati. Mjomba alikuwa amekaa palepale penye uwazi, mkono mmoja umeng'ang'ania ubao wa kukalia.

Mkono wa pili ukatoka nje. Miaka yote ile ndani ya boti hii, kuta hazikuwahi kumruhusu kuyafikia maji akiwa amekaa. Akaviweka vidole, kisha kiganja chote, akauacha mkono humo huku boti inakwenda, mpaka tulipogeuza.

"Kumbe huku katikati maji ni ya baridi," akasema.