Joto la Arobaini

Jumatatu, 3 Novemba
Nimewasha joto, nimeswali, nimekunywa chai, nimezima. Ndiyo desturi yangu tangu ofisi ya nyumba ilipoiondoa boila ya gesi na kutufungia nje ya dirisha pampu ya umeme ya kupasha nyumba joto. Asubuhi kidogo, jioni kidogo. Katikati, sweta mbili na blanketi.

Binti wa ofisi ya nyumba alituambia tusiizime kamwe, tuiache iende polepole usiku na mchana. Ana umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Umeme una bei, na halipi yeye.

Binti yangu Zuhura atajifungua mwezi ujao. Nimechana kanga kuukuu za kumkandia. Mkaja wa kumfunga tumbo umefuliwa na kupigwa pasi. Mwanangu atakaa kwangu arobaini yote, kama nilivyokaa mimi kwa mama yangu Tanga.

Jumapili, 9 Novemba
Zuhura alilala hapa jana. Asubuhi nilimkuta jikoni amevaa koti, amekumbatia birika.

"Mama, hii si nyumba. Ni friji."

Nilimpikia uji wa pilipili manga. Aliunywa, kisha akasema, bila kunitazama, kwamba arobaini atakaa Tooting kwa mama mkwe wake. Bi Rukia anatumia gesi. Nyumba yake ina joto.

Nilisema, "Vyema." Neno moja. Nimeumia.

Alhamisi, 13 Novemba
Arobaini kwa mkwe, na mama yupo hai, yupo hapa hapa Peckham, ana mikono miwili. Bi Rukia ni mtu mwema. Lakini anakanda kama anayesukuma chapati.

Bili ya umeme imefika. Nimeisoma kwa miwani na bila miwani. Ni ile ile.

Kaka yangu Hamza alipiga simu kutoka Tanga. Anasema kuna kijiji kinacholipwa kwa kutunza msitu. Wanauza hewa ukaa. "Dada, ninyi huko mnanunua hewa, sisi huku tunaiuza. Rudi nyumbani." Alicheka peke yake. Anajua ninapoumwa, kisha anapabonyeza.

Jumanne, 18 Novemba
Mkwe wangu Idrisa alipita kuniletea unga. Anapakia mizigo uwanja wa ndege, na habari za vibali vya moshi anazisikia kila siku kazini, kwa kuwa mashirika ya ndege nayo hununua. Nilimtaka anieleze sawasawa vinahusianaje na bili yangu, sentensi moja moja.

Serikali imeweka kikomo cha moshi. Mwenye mtambo wa umeme unaochoma gesi lazima awe na kibali cha moshi anaoutoa. Vibali huuzwa sokoni, na kila mwaka hupunguzwa ili moshi nao upungue.

"Na akishakinunua?"

"Gharama anaitia kwenye bei ya umeme, Mama."

"Na umeme naununua mimi. Basi kibali amenunua nani?"

Alitazama zulia. "Umenunua wewe, Mama."

Angalau ni mkweli. Nilimwuliza kuhusu gesi ya majumbani, kama ile ya mama yake. Akasema hiyo haijaingizwa katika soko hilo. Kwa hiyo mimi niliyeondolewa moshi nalipia moshi, na Bi Rukia anayeutoa kila asubuhi halipii. Kupunguza moshi ni haki, sina ubishi. Lakini mzigo huu umepangwa vibaya. Nilimwambia hivyo. Alikubali, akasema hata wakubwa wanalijadili. Wajadili upesi. Baridi haiwangoji.

Ijumaa, 21 Novemba
Idrisa amepiga simu. Presha ya Zuhura imepanda. Amelazwa. Natoka.

Jumatatu, 24 Novemba
Nimerudi kutoka kwa Zuhura, Hounslow. Presha imeshuka, ameruhusiwa, ameamriwa kupumzika. Nimelala siku zote kwenye kochi lao. Mgongo umekataa kunyooka. Alhamdulillahi.

Ndani ya treni nilikumbuka. Ijumaa nilitoka mbio, sikuzima joto.

Nilifungua mlango, joto likanipokea. Si kali. La sawasawa, hadi pembe za dari zenye unyevunyevu. Nilisimama na koti langu, nikiogopa kuitazama mita. Mwisho nikaitazama. Siku hizo zote zimekula umeme kidogo kuliko siku zangu za kuwasha na kuzima.

Nimedhani mita imeharibika.

Jumanne, 25 Novemba
Hesabu ya jana si halali. Sikuwapo, sikupika, sikuoga. Nitapima ipasavyo. Wiki nzima nitapika, nitaoga na kufua kama kawaida, wala sitakigusa kidude cha ukutani cha kuwashia na kuzimia joto. Mkono unaniwasha.

Nilimpigia binti wa ofisi ya nyumba. Anasema nyumba ikishapoa kabisa, pampu hushindwa kuipasha upesi, basi husaidiwa na waya wa moto kama ule wa birika. Waya huo ndio mlaji. Nami nilikuwa nikiuamsha asubuhi na jioni. Hakusema kwamba alinionya. Ana adabu.

Jumanne, 2 Desemba
Wiki imetimia. Matumizi yamepungua. Si sana, lakini yamepungua, na nimekaa na sweta moja.

Ilinipasa kujua. Pilau likikauka maji, huzimi moto ukauwasha tena. Unalipalia makaa machache, unafunika, unaliacha. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, nikadhani nyumba ni kitu kingine.

Gharama ya vibali bado naibeba, ila kidogo zaidi, kwa kuwa natumia kidogo zaidi. Hapo naiona akili ya mpango wao. Mpangilio wa mzigo bado ni mbaya. Yote mawili ni kweli.

Alhamisi, 4 Desemba
Nilimpigia Zuhura. Nikamwambia nyumba ina joto, arobaini aje kwangu.

"Mama, utawasha kwa ajili yangu, halafu utakula mkate mkavu hadi Machi. Nakujua."

Kumbe hakuikimbia baridi tu. Aliogopa nitajinyima. Mwezi mzima nimemnunia mtoto aliyekuwa akinihurumia. Nimemwambia aje aone kwa macho yake.

Jumapili, 7 Desemba
Wamekuja wote: Zuhura, Idrisa na Bi Rukia. Bi Rukia alipitisha kiganja ukutani kama anayechagua kitambaa dukani. Akaketi. Chai ya kwanza, akalegeza mtandio. Chai ya pili, akavua sweta.

"Mkwe, kumbe umetuficha jua humu."

"Karibu uotee," nikamwambia.

Zuhura hakukaa. Alikwenda jikoni, akafungua kabati moja baada ya jingine. Mchele upo. Maharage yapo, mafuta yapo, tende zipo. Mita nayo aliitazama, akamwita Idrisa aitazame. Nilimwacha akague. Nimekagua kazi zake miaka mingi, zamu yake.

Aliporudi aliniuliza, "Mkaja uko wapi?"

Nilimwonyesha. Bi Rukia akasema yeye ataleta supu, kukanda anamwachia mwenye mwana. Nimemheshimu zaidi.

Jumamosi, 13 Desemba
Amejifungua. Msichana. Wote wazima. Idrisa alilia kwenye simu, nami nikamwambia ajikaze, huku nalia.

Jumatatu, 15 Desemba
Zuhura na mtoto wamefika kabla ya adhuhuri. Nje theluji nyepesi.

Maji ya bombani hayana moto wa kutosha kukandia. Nachemsha birika baada ya birika, na hili silihesabu. Nimemkanda kiuno, tumbo, miguu. Mwanzoni alilalamika. Kisha akaacha. Kisha akalala, mdomo wazi, kama alipokuwa mdogo. Nimemfunga mkaja taratibu asiamke.

Bi Rukia yuko jikoni, anamenya vitunguu, anajisemea peke yake.

Mtoto amelala kwenye kanga moja. Ametoa mguu nje. Nimetaka kumfunika. Nimeugusa, una joto. Nimemwacha.