Kwenda Bangkok Masaa Mawili, Kurudi Manne

Dada Kilo wangu,

Jina lako hapa kwenye jengo la Tianxiu halijafutika. Jana wakala mmoja wa mizigo kaniuliza, "Dada Kilo kajifungua?" Nikamwambia bado, siku kumi hivi zimebaki. Akasikitika. "Tangu aondoke, hatujui tena nani anasafiri na begi tupu." Kweli, wewe ulikuwa unamjua kila abiria na kilo zilizobaki kwenye mzigo wake.

Unakumbuka siku uliyokata tiketi ya Bangkok? Tulikuwa tunakula tambi mtaa wa Xiaobei, mimi nimeikodolea macho ile karatasi. Kuondoka Guangzhou saa tatu asubuhi, kufika Bangkok saa tano. Ya kurudi, kuondoka saa sita mchana, kufika saa kumi. Nikakurukia: "Dada, wamekupiga. Kwenda masaa mawili, kurudi manne?" Nikaanza na kukufundisha habari za upepo, mambo niliyoyaona kwenye simu. Ukacheka hadi supu ikakupalia.

"Saa za Bangkok ziko nyuma kwa saa moja, profesa. Njia ni masaa matatu, kwenda na kurudi."

Masaa matatu. Kilomita elfu moja na mia saba hivi. Basi la Dar kwenda Tanga linakaa njiani zaidi. Nikajiambia si mbali, nikakusindikiza bila kulia. Ukafungua duka huko, na ile tiketi ya kurudi hukuitumia.

Sasa soko la Guangyuan nalizunguka peke yangu. Nawatafsiria wateja kwa Kichina changu cha kuokoteza sokoni, navuta mishono ya mashati kama ulivyonionyesha. Nikiona kichekesho nageuka kushoto, upande uliokuwa unatembea wewe. Nakutana na mtu kabeba robota la nguo, ananifokea nimpishe.

Kwa hiyo kila wiki nakutumia kitu. Iliki, soksi za mtoto, ile dawa ya kuchua mgongo. Nasimama Tianxiu naomba kilo: nani anakwenda Bangkok? Juzi nilimpelekea mama mmoja wa Mombasa, msafiri wa huko, khanga mbili za kumpokelea mtoto akubebee. Akazipima kwa mkono, akaniangalia juu mpaka chini.

"We kijana, kila wiki vifurushi. Wewe mwenyewe una kilo ngapi?"

"Hamsini na nane, mama."

"Basi si ujitume."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikazirudisha khanga kwenye mfuko, nikaondoka.

Dada, nilikudanganya. Uliponiambia shemeji kanyimwa viza huko Dar, ukasema, "Njoo wewe basi, unishike mkono tu," nilisingizia wateja wa maonyesho ya biashara ya Pazhou. Wateja wapo, lakini si hao wanaonizuia. Viza ya kuja huko ninayo tangu Jumatatu, iko kwenye pasi. Tatizo ni viza ya huku China. Ni ya kuingia mara moja. Nikitoka, sijui kama watanipa nyingine, na mimi kazi ninayoijua ni hii tu, kwenye mitaa hii.

Kuja kwako ni masaa matatu, hilo nimelielewa. Kurudi ndiko sijui masaa mangapi.

Khanga ziko hapa kitandani. Sijampa mtu. Wewe uliyekuwa unatupangia wote nani asafiri na nini, ungekuwa mimi, ungefanyaje?

Mdogo wako, kilo hamsini na nane