Mjibizo Si Majibizano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia angalau ulale, na kwamba shangazi bado anapita kukuchotea maji na kukuletea umbea. Mimi ni mzima, ila jino linanisumbua kidogo. Niko huku shuleni, nimejibanza chumbani kwa matroni wa bweni, na ujumbe wako umenifikia: nirudi kwa mume wangu kabla ya Jumamosi, la sivyo utakuja mwenyewe kunirudisha kwa kunishika mkono.

Ujumbe huo umenichefua, Mama. Nisamehe, lakini sina neno jingine. Umenieleza jinsi mkweo alivyokuja kwako na mkono uliofungwa bandeji, eti mlango wa duka ulimbana, maskini fundi cherehani wa watu hawezi hata kushika mkasi, na mke kamkimbia akiwa mgonjwa. Ukamlisha kwa kijiko! Jitu zima lenye ndevu, limeachama mdomo kama kifaranga. Nilipofika hapo nilisukuma sahani yangu pembeni.

Ngoja nikueleze ya darasani kwanza, maana yanahusu. Juzi tulifika kwenye mada ya tendo na mjibizo. Sheria yenyewe ni fupi: kitu kikisukuma kingine, nacho husukumwa na hicho kingine kwa nguvu ile ile, papo hapo. Balaa likaanzia kwenye neno. Mjibizo! Wanafunzi wakasikia jibu, wakasikia majibizano. Binti mmoja wa mbele, tunayemwita Wakili kwa jinsi anavyobisha, akasema ameelewa kabisa: ukinitukana nikakuzaba kibao, tusi ni tendo na kibao ni mjibizo. Darasa zima likampigia makofi. Mimi maneno hayo hayo nilikuwa nimeshayasikia nyumbani.

Nikachukua mizani mbili za springi, nikazishikanisha kulabu kwa kulabu. Huku nikamweka Wakili na vijiti vyake vya mikono, huku mrusha tufe wetu, wanayemwita Tingatinga. Nikawaambia wavute. Wote waliapa mizani ya Tingatinga itasoma zaidi. Wapi! Zikasoma sawasawa. Wakavuta tena mpaka viatu vikateleza, sawasawa. Nikawaambia kwamba hapa hakuna aliyeanza na aliyejibu, nguvu hizi mbili huzaliwa pamoja, kila moja kwenye mwili wake. Tusi halimo humo. Litundike kwenye mizani uone kama sindano itacheza. Wakili akafikiri, akauliza kama basi ngumi nayo hupigwa na kile inachokipiga. Nikamwambia ndiyo, tena kwa nguvu ile ile. Akacheka sana. Nikawaachia zoezi, nikatoka nje nikatema mate.

Mama, jino langu halina kasoro yoyote. Siku ile nilimwambia mkweo, mbele ya mteja, kwamba suruali aliyoshona ina mguu mmoja mfupi. Na kweli ulikuwa mfupi, hata kipofu angeuona. Mkweo akacheka kwa adabu, akamsindikiza mteja, akafunga mlango taratibu kabisa, kisha akanipiga ngumi ya taya. Hakuna mlango uliombana. Baada ya hapo akakaa kwenye kiti cha cherehani akipuliza vidole vyake, akaniagiza maji ya baridi ya kuvikanda, akasema mimi ndiye niliyetenda, yeye amejibu tu. Nami nikamletea, Mama! Damu mdomoni, beseni mkononi, nikampelekea na taulo. Yeye ananitia kinyaa, lakini beseni lile linanifanya nijionee kinyaa mwenyewe.

Sirudi, si Jumamosi wala siku nyingine. Ukija kunishika mkono, njoo, nitakupikia chai na tutakaa, lakini kule hatuendi.

Nisalimie shangazi na majirani wote wanaoniulizia. Yeye usimpe salamu zangu. Ila ukimbadilishia bandeji, uutazame vizuri ule uvimbe. Una pacha wake, yuko usoni kwangu.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
Mwalimu